Shingo Isiyogeuka: TB ya Mifupa ya Shingo na Upasuaji Wake

Kama uko Kayole unachagua mchele, kama uko Umoja unafua, kama uko Jericho unanyonyesha, au umekaa kwenye kibanda chako cha mboga pale Kariobangi, sogeza redio karibu kidogo. Leo tunazungumza juu ya ugonjwa ambao wengi wetu hatujui kwamba upo: kifua kikuu, yaani TB, kinapoingia katika mifupa ya shingo. Tutaeleza dalili zake, mambo ambayo hupaswi kuyafanya nyumbani, na hasa tutazungumza juu ya upasuaji, maana neno hilo likitajwa pamoja na neno shingo, wazazi wengi huchukua mtoto wao na kurudi naye nyumbani.

Ukisikia TB, mawazo yako huenda moja kwa moja kwenye kikohozi. Ni kweli, mara nyingi TB hukaa kwenye mapafu. Lakini kijidudu chake kikishaingia mwilini kwa njia ya hewa, kinaweza kusafiri ndani ya damu na kwenda kujificha kwingine: kwenye tezi, kwenye utando wa ubongo, kwenye figo na kwenye mifupa. Katika mifupa yote, TB hupenda zaidi uti wa mgongo. Mara nyingi hushika pingili za katikati na za chini ya mgongo. Shingo hupatwa mara chache, lakini ikipatwa hatari yake ni kubwa.

Kwa nini? Shingo ya binadamu ina mifupa saba. Hata twiga wa kule mbugani, pamoja na urefu wake wote, ana mifupa saba tu. Katikati ya mifupa hiyo kuna tundu, na ndani ya tundu hilo hupita ugwe wa mgongo, ile kamba laini inayobeba ujumbe kutoka kwenye ubongo kwenda mwilini. Ujumbe wa kuinua mkono, wa kutembea, wa kuzuia mkojo, na hata wa kuvuta pumzi, wote hupita shingoni. Kamba hii ikibanwa kiunoni, miguu hudhoofika. Ikibanwa shingoni, mikono na miguu yote minne inaweza kupooza, na kupumua kukawa taabu.

TB huanza kula mfupa upande wa mbele, polepole, kama mchwa anavyokula mbao. Kwa nje huoni kitu. Kwa ndani mfupa unalainika na usaha unajikusanya. Usaha huo unaweza kutuna nyuma ya koo, ukaziba njia ya chakula na ya hewa. Unaweza pia kusukuma kuelekea nyuma na kubana ugwe wa mgongo. Mfupa ukishadhoofika kabisa unabonyea, na kichwa kinainama mbele. Kwa watoto wadogo, majipu haya huwa makubwa na mara nyingi tatizo la kwanza ni kumeza na kupumua. Kwa watoto wakubwa na watu wazima, mara nyingi ni mikono na miguu inayoanza kukosa nguvu.

Sasa mama, utajuaje? Ugonjwa huu hauji kwa kishindo. Huja kwa majuma na miezi. Kila mtu huamka siku moja na shingo ngumu kwa sababu alilala vibaya. Hiyo hupona yenyewe kwa siku chache. Tunayoizungumzia ni shingo inayouma zaidi ya wiki mbili, na maumivu yanayozidi badala ya kupungua, hasa usiku.

Mtazame mtoto wako anapocheza. Mtoto mwenye shingo nzima akiitwa kutoka nyuma hugeuza kichwa. Mtoto mwenye ugonjwa huu hugeuza mwili wote, kama mtu aliyebeba mtungi wa maji kichwani. Mwingine hukaa na shingo iliyopinda upande mmoja. Mwingine hushika kichwa chake kwa mikono miwili anapoinuka kitandani, au hutegemeza kidevu kwenye kiganja anapokaa. Ukiona mtoto anabeba kichwa chake kwa mikono, usicheke na usimkemee. Anakuambia kwamba shingo haiwezi tena kukibeba.

Tazama mambo mengine pia. Je, ana homa ya jioni inayokuja na kwenda? Je, anatoka jasho usiku hadi nguo inalowa? Fungua kijitabu chake cha kliniki uangalie mstari wa uzito: je, umesimama au umeshuka? Je, anakataa chakula kigumu, anadondokwa na mate, anakoroma usiku ambapo zamani hakukoroma, au sauti yake imebadilika? Je, kuna uvimbe shingoni? Kwa mtoto wa shule au mtu mzima, angalia mikono: je, vifungo vya shati vinamshinda, kikombe kinamponyoka, mwandiko umeharibika? Je, anajikwaa mahali palipo sawa?

Si kila mwenye dalili moja kati ya hizi ana TB ya shingo. Vijidudu vingine vya kawaida vinavyoleta majipu mwilini vinaweza pia kushika mifupa ya shingo, na hivyo huja kwa kasi zaidi na homa kali. Mtoto mwenye shingo iliyokakamaa ghafla, homa kali, kutapika au degedege anaweza kuwa na homa ya uti wa mgongo, na huyo hangoji asubuhi. Kazi yako si kujua jina la ugonjwa. Kazi yako ni kuona kwamba jambo si la kawaida, na kumfikisha mahali pa kupimwa.

Hapa naomba tuzungumze kwa uwazi juu ya jambo moja. Katika mitaa yetu, shingo ikiuma, kitu cha kwanza ni kukanda. Kuna jirani anayejulikana kwa kunyoosha viungo, kuna kinyozi anayegeuza shingo mpaka ilie kwa! baada ya kunyoa, na kuna nyanya nyumbani mwenye mafuta yake. Wote wana nia njema. Lakini mfupa ulioliwa na TB ni kama ngazi iliyooza. Ukiusukuma au kuuzungusha, unaweza kuvunjika na kukata ugwe wa mgongo papo hapo. Mtu aliyeingia kwa mkandaji akitembea anaweza kutoka akibebwa.

Najua si rahisi kumkataza mkubwa wako. Shosho akikuambia, "Mama, huyu mtoto amelala vibaya tu, mlete nimkande," mjibu kwa heshima: "Asante shosho, najua mkono wako ni mzuri. Lakini shingo hii imeuma wiki ya tatu sasa. Tusiiguse kabla daktari hajaiona." Hakuna nyanya anayempenda mjukuu wake atakayekasirika kwa jibu hilo. Tena, usimchanje, usimchome kwa chuma moto, wala usimvute kichwa.

Basi uende wapi? Anza na kituo cha afya cha serikali kilicho karibu nawe. Mhudumu wa afya ya jamii wa mtaa wako anaweza kukuelekeza na hata kukusindikiza. Mwambie daktari habari yote: maumivu yalianza lini, kama kuna mtu nyumbani anayekohoa, na kama kuna aliyewahi kutibiwa TB. Usimalizie kwa kupewa dawa ya maumivu mara ya kwanza, ya pili na ya tatu. Kama umerudi mara mbili na shingo bado inauma, sema waziwazi: "Daktari, naomba mtoto apigwe picha ya shingo." Kutoka kituo cha afya unaweza kutumwa Hospitali ya Mama Lucy Kibaki, na panapohitajika mpasuaji wa uti wa mgongo, Hospitali ya Kitaifa ya Kenyatta.

Lakini kuna dalili ambazo hazingoji barua wala foleni. Mikono au miguu ikianza kulegea au kufa ganzi, mkojo ukizuilika au ukitoka bila yeye kujua, akishindwa kumeza au kupumua kwa shida, nenda hospitali kubwa siku hiyo hiyo, iwe ni mchana au usiku wa manane.

Na namna ya kumpeleka ni muhimu. Usimpandishe boda boda. Usimfunge mgongoni kwa leso kichwa kikining'inia. Matuta na mashimo ya barabara zetu yanaweza kuimaliza shingo iliyodhoofika. Tafuta gari. Mlaze chali mahali palipo sawa, kisha viringisha taulo mbili au nguo, uziweke huku na huku kichwani ili kisiyumbe. Mkimgeuza, mgeuzeni watu wawili au watatu kwa pamoja, kichwa na mwili vikienda pamoja kama gogo. Kama anapumua kwa shida, usimlazimishe kulala chali. Mwache akae vile anavyopata hewa, na wewe umshikie kichwa kisitikisike.

Hospitalini atapigwa picha ya eksirei ya shingo na ya kifua. Eksirei ya mwanzo inaweza isionyeshe kitu, kwa sababu mfupa huchelewa kubadilika kwenye picha. Picha ya MRI huonyesha vizuri zaidi: usaha uko wapi, mifupa mingapi imeliwa, na kama ugwe wa mgongo umebanwa. Atatolewa damu, na pengine makohozi. Kwa watoto wasioweza kutema makohozi, choo au maji ya tumboni huweza kupimwa. Mara nyingine daktari huchukua usaha au kipande kidogo cha mfupa kwa sindano ili kipimwe kwa mashine ya GeneXpert, ambayo huonyesha TB na pia kama TB hiyo ni sugu kwa dawa ya rifampisini. Mtaombwa pia kupima virusi vya ukimwi. Msione vibaya. Ombi hilo hupewa kila mgonjwa wa TB, na si kwamba mmeshukiwa jambo. Kuna wengi wenye TB ya mifupa wasio na virusi hivyo.

Ikithibitika kwamba ni TB, matibabu ya kwanza ni dawa. Nairudia, kwa sababu wengine hufikiri upasuaji ndio unaoondoa TB. Dawa ndizo zinazoua kijidudu. Kwa miezi miwili ya kwanza mgonjwa humeza dawa nne: rifampisini, isoniazidi, pirazinamidi na ethambutoli. Baada ya hapo huendelea na mbili, rifampisini na isoniazidi, kwa miezi kumi. Jumla ni miezi 12. TB ya mapafu ya kawaida hutibiwa kwa miezi 6, lakini ya mifupa huhitaji muda mrefu zaidi, kwa sababu dawa hupenya mfupa kwa shida na mfupa hupona polepole. Katika hospitali za serikali dawa hizi ni bure. Kwa watoto wadogo kuna vidonge vinavyoyeyuka kwenye maji, vyenye ladha tamu, ambavyo Kenya ilianza kuvitumia mwaka 2016. Siku za kupondaponda vidonge vya watu wazima na kukisia kipimo zimepita.

Pamoja na dawa, mgonjwa hufungwa kola ya shingo ili mifupa itulie. Wagonjwa wengi hupona kwa dawa na kola peke yake, bila kupasuliwa. Hilo ni jambo la kushukuru, na si bahati nasibu, lilitafutiwa ushahidi. Percivall Pott, mpasuaji wa London, aliandika juu ya ugonjwa huu mwaka 1779, na hadi leo madaktari huuita kwa jina lake. Wakati huo hakukuwa na dawa. Hata karne na nusu baadaye watoto walikuwa wakilazwa kwenye vitanda vya plasta kwa miezi na miaka. Dawa zilipopatikana, watafiti walilinganisha wagonjwa nchini Korea, Hong Kong na Zimbabwe ya leo, wakaona kwamba walio wengi hupona wakimeza dawa huku wakitembea, bila kulala kitandani miezi yote hiyo. Na zile dawa za muda mfupi tunazozitegemea leo kwa TB, wagonjwa wa Afrika Mashariki, Kenya ikiwamo, walishiriki katika utafiti wake uliotangazwa mwaka 1972. Kwa hiyo si vitu vya kigeni kwetu.

Basi upasuaji unahitajika lini? Kuna sababu nne kubwa. Ya kwanza, ugwe wa mgongo umebanwa na mgonjwa anapoteza nguvu, hasa kama anazidi kudhoofika. Ya pili, jipu limekuwa kubwa hadi linazuia kumeza au kupumua. Ya tatu, mfupa umebonyea na shingo imelegea kiasi kwamba inaweza kuteleza wakati wowote, au imepinda na inazidi kupinda. Ya nne, mgonjwa amemeza dawa sawasawa lakini hapati nafuu, au haijulikani hasa ni ugonjwa gani, na daktari anahitaji kuchukua nyama ya kupima.

Mpasuaji anataka kufanya mambo matatu: kuondoa usaha na mfupa uliokufa, kuufungulia ugwe wa mgongo nafasi yake, na kuisimamisha shingo imara. Mara nyingi hupita mbele ya shingo, kwa mkato mdogo upande mmoja wa koo. Wengi hushangaa kusikia hivyo, lakini ndiyo njia fupi, kwa sababu ugonjwa wenyewe uko upande wa mbele wa mfupa. Husogeza koo upande mmoja na mishipa mikubwa ya damu upande mwingine, na katikati yake anaufikia mfupa. Anaosha usaha, anatoa mfupa ulioza hadi anapoona ugwe wa mgongo umepumua. Halafu pale palipobaki pengo anaweka kipande cha mfupa mzima, ambacho mara nyingi hukatwa kwenye nyonga ya mgonjwa mwenyewe, au kikapu kidogo cha chuma. Juu yake hufunga kibamba cha chuma kwa skrubu. Baada ya miezi kadhaa kipande hicho hushikana na mifupa ya jirani, vikawa kitu kimoja. Njia hii ya kwenda mbele ya mfupa ilienea duniani baada ya wapasuaji wawili wa Hong Kong, Hodgson na Stock, kuandika juu yake mwaka 1956.

Kama ugonjwa umeshika mifupa miwili ya juu kabisa, pale kichwa kinapokalia shingo, mpasuaji anaweza kuingia kwa nyuma na kuunganisha mifupa hiyo, pengine pamoja na fuvu. Na kabla ya upasuaji, wagonjwa wengine huvutwa kichwa taratibu kwa uzito maalumu ili shingo inyooke. Ukimkuta mgonjwa wako amewekewa vyuma kichwani na kamba yenye uzito, usiogope na usiviguse. Vimewekwa kwenye mfupa wa nje wa fuvu, havifiki kwenye ubongo.

Je, una hatari? Ndiyo, na daktari mwema hatakuficha. Kunaweza kuwa na kutoka damu, kukwaruza kwa sauti, shida ya kumeza kwa siku kadhaa, kidonda kuingiwa na vijidudu, au kipande cha mfupa kuhama. Mara chache ugwe wa mgongo huumia zaidi, na kuna wagonjwa wasioamka. Lakini mama, weka hatari hiyo kwenye mizani pamoja na ya kukaa nyumbani. Ugwe uliobanwa haungoji. Mtu aliyepasuliwa mapema, nguvu zikiwa zimeanza tu kupungua, ana nafasi nzuri ya kurudi kutembea. Aliyekaa miezi bila mguu kusogea, nafasi yake imepungua sana. Usipoziba ufa, utajenga ukuta.

Kabla ya kutia sahihi ile karatasi ya kukubali, una haki ya kuelewa. Kama imeandikwa Kiingereza na hukielewi vizuri, omba usomewe kwa Kiswahili. Uliza: Daktari, upasuaji huu unamsaidia nini mtoto wangu? Tusipofanya, nini kitatokea, na baada ya muda gani? Mtapitia mbele au nyuma? Atavaa kola kwa muda gani? Ni nguvu gani inaweza kurudi, na ni ipi huenda isirudi? Gharama ni kiasi gani, na bima italipa kiasi gani? Baba yake akiwa kazini Mombasa au kijijini, mpigie simu mapema azungumze na daktari mwenyewe. Nyumba nyingi zimepoteza siku za thamani zikingoja mkutano wa ukoo.

Juu ya gharama, dawa za TB ni bure lakini picha ya MRI, vyuma na kitanda hulipiwa. Hakikisha familia imesajiliwa na kuchangia katika bima ya SHA, ambayo ilichukua mahali pa NHIF mwezi wa Oktoba 2024. Usajili hufanyika hata kwa simu ya kawaida kupitia *147#. Usingoje mgonjwa alazwe ndipo uanze. Na ukikwama, omba kuonana na afisa wa ustawi wa jamii aliye hapo hospitalini. Kazi yake ni kuwasikiliza watu kama wewe. Usimtoroshe mgonjwa usiku kwa kuogopa bili.

Sasa mmeruhusiwa kurudi nyumbani. Kazi imebaki kwako, mlezi. Siku za kwanza mpe chakula laini: uji wenye maziwa, ndengu zilizopondwa, mayai, ndizi, viazi. Mketishe wima anapokula. Kola ivaliwe kama daktari alivyosema, usiku na mchana, kwa wiki kadhaa au miezi mitatu. Usiivue kwa sababu ya joto au kwa sababu wageni wamekuja. Kila siku tazama ngozi chini ya kola, hasa kidevuni na kisogoni, kama ina michubuko, na ukiipangusa mtu mwingine ashike kichwa kisitikisike. Kidonda kikiwa chekundu, kikivimba au kutoa usaha, homa ikirudi, au pumzi ikibadilika, rudi hospitali bila kungoja siku ya kliniki.

Kama mgonjwa bado hana nguvu miguuni, mgeuze kila baada ya saa mbili ili asipate vidonda vya kulala, na mfanyishe mazoezi aliyoonyeshwa. Nguvu hurudi kidogo kidogo, kwa wiki na miezi. Leo kidole gumba, mwezi ujao goti. Usikate tamaa, na usimlinganishe na mtoto wa jirani.

Lakini hatari kubwa kuliko zote nyumbani ni hii: mwezi wa tatu au wa nne maumivu yamekwisha, mtoto amenenepa, anakimbia, na wewe umechoka kwenda kuchukua dawa. Ndipo wengi huacha. Mama, maumivu hukwisha mapema, kijidudu hakikwishi mapema. Ukiacha njiani, TB inaweza kurudi ikiwa sugu, na ile kazi yote ya mpasuaji ikabomoka. Chagua saa moja ya kila siku, weka alama kwenye kalenda ukutani, na umteue mtu mmoja wa kuhakikisha dawa imemezwa. Mkojo ukiwa wa rangi ya machungwa usishtuke, ni rifampisini. Lakini macho yakiwa ya manjano, akitapika mara kwa mara, au akianza kuona vibaya, mrudishe upesi. Na wewe mama, kama ni wewe unayetibiwa na unatumia vidonge au kijiti cha kupanga uzazi, mwambie muuguzi, kwa maana rifampisini hupunguza nguvu ya vitu hivyo.

Neno la mwisho ni kwa nyumba nzima. Mtu mwenye TB ya mfupa peke yake, bila ya mapafu, kwa kawaida hamwambukizi mwingine. Msimtengee kikombe wala kumfukuza kitandani. Lakini jiulizeni: mtoto huyu aliipata wapi? Mara nyingi kuna mtu mzima wa karibu anayekohoa: baba, mjomba aliyekuja kutafuta kazi, yaya, au jirani wa ukuta mmoja. Watu wote wa nyumba hiyo wapimwe. Watoto walio chini ya miaka mitano, na wanaoishi na virusi vya ukimwi, wakikutwa hawana TB hupewa dawa ya kuwakinga. Mtoto mchanga apate chanjo ya BCG, ile inayoacha kovu dogo kwenye mkono wa kushoto. Haizuii TB yote, lakini huwakinga watoto wadogo na zile aina kali. Katika chumba kimoja cha Pipeline au Mathare, fungua dirisha na mlango asubuhi, jua na hewa vipite. Na maziwa, hata yale ya kupimiwa mashineni, yachemshe mpaka yatokote, kwa maana TB ya ng'ombe na magonjwa mengine hupitia humo.

Basi tukumbuke. Shingo inayouma zaidi ya wiki mbili ipigwe picha. Shingo inayouma haikandwi wala haizungushwi. Mikono au miguu ikilegea, ni hospitali siku hiyo hiyo. Daktari akisema upasuaji unahitajika, uliza maswali yako yote, kisha usichelewe. Na dawa ni miezi 12, hata mtoto akiwa anaruka kamba.

Jioni ya leo, mtoto wako akirudi kutoka kucheza, simama nyuma yake umwite kwa jina. Tazama kama atageuza shingo, au atageuza mwili wote.